Nijenge Katuba kwa marehemu baba, au ninunue Kalebuka?

Swali: Jambo Metre (mwanasheria). Mimi ni fundi wa mitambo katika kampuni moja ya madini kule Kolwezi. Mke wangu na watoto wetu wawili wanapanga Bel-Air, hapa Lubumbashi. Tumeweka akiba na tumechoka na mambo ya garanti (pesa ya dhamana ya kupanga) na mwenye nyumba. Komisyonere (dalali) mmoja, ndugu wa kanisa letu, alituonyesha parseli (kiwanja) Kalebuka, pembeni ya mji, mita 20 kwa 30. Anayeuza ana karatasi ya shefu (chifu) wa kijiji na nyingine ya shefu wa kartie (mtaa). Komisyonere anasema kuna mnunuzi mwingine, kwa hiyo tulete nusu ya pesa wiki hii. Lakini mama na yaya wangu (kaka mkubwa) wanauliza kwa nini nitupe pesa kwa watu nisiowajua wakati parseli ya marehemu baba iko Katuba: nijenge pale nyuma tukae pamoja. Mke wangu hataki Katuba, na wakubwa wa jamaa wanasema nimetawaliwa na mwanamke. Nifanye nini? Na huyu komisyonere, nimwamini?

Jibu: Kaka, hiyo nusu ya pesa usiitoe wiki hii. Hata robo yake usiitoe. Mengine nitakayoandika hapa unaweza kuyasoma polepole, hilo moja ni la leo.

Mnunuzi mwingine yuko nyuma ya kila parseli inayouzwa Lubumbashi. Mara ni mfanyabiashara wa Kasumbalesa, mara ni mama mmoja anayeleta vitu kutoka Dubai, na kila mara atakuja Ijumaa na pesa mkononi. Huenda safari hii yupo kweli. Lakini mtu anayelipa kabla ya kujua hati ni ya nani ananunua kesi, mwache atangulie.

Kuhusu kumwamini komisyonere, swali hilo halitakusaidia sana. Mtu anaweza kuwa mwaminifu, mzee wa kanisa, asiye na senti ya mtu, na bado akakuuzia parseli yenye wenyewe wawili, kwa sababu na yeye aliambiwa tu na mwenzake, ambaye naye aliambiwa na mwingine. Unajua namna kazi hii inavyoendeshwa hapa mjini: simu, miguu na kujua watu. Parseli moja inazungushwa na makomisyonere watatu au wanne, na komisyo (ujira wao) ikitoka wanagawana. Hati ikija kuonekana ya uongo, hutampata hata mmoja wa kukujibu. Juu ya hayo, analipwa siku pesa yako inapotoka, wala si siku jina lako linapoandikwa. Haraka yake inatoka hapo. Si lazima iwe hila, ni tumbo.

Basi mbadilishie siku ya kulipwa. Kaeni naye muandike, hata karatasi moja tu: komisyo ni kiasi gani, inatoka kwa nani (wengine wanachukua kwa mnunuzi na kwa muuzaji, na kila mmoja anadhani analipa peke yake), na sehemu kubwa ataipata siku sertifika (hati ya serikali ya parseli) inatoka kwa jina lenu. Komisyonere mzuri atanung'unika kidogo kisha atakubali. Na yule anayekubali ni mtu wa kumtumia, kwa sababu kuna mambo anayajua kuliko mimi na ofisi zote: nani aliuza parseli ya jirani mwaka jana na kwa bei gani, kisima cha avenye (barabara) hiyo kinakauka mwezi gani, muuzaji anauza kwa sababu ya ugonjwa, ya safari, au kwa sababu wadogo zake wameanza kuulizauliza. Swali la kumwuliza kwanza ni hili: huyu anayeuza, yeye alinunua kwa nani, na jina gani liko kwenye karatasi? Ukipata jina moja nyuma yake, uliza la nyuma zaidi.

Sasa hizo karatasi zenyewe. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa nchi hii ni mali ya serikali. Kifungu cha 53 kinasema hivyo bila kuzunguka. Wewe na mimi hatununui udongo. Tunachonunua ni konsesyo, yaani haki ya kuutumia, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Kwa raia wa Kongo konsesyo inaweza kuwa ya kudumu, isiyo na mwisho wa miaka. Kwa mgeni au kampuni ni ya muda, kwa kawaida miaka 25 inayoweza kuongezwa. Na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, sertifika ya uandikishaji inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi, ofisa anayetunza daftari lake. Fishi (kadi) ya komuni (tarafa ya mji), barua ya shefu, risiti yenye muhuri wa kartie, hata kontra (mkataba) ya mauzo iliyopigwa picha siku ya kulipa, zote ni njia ya kuelekea kwenye sertifika. Hakuna inayochukua nafasi yake.

Simdharau shefu wa kijiji. Kalebuka iko katika komuni ya Annexe, na kule mji umetembea juu ya mashamba ya watu. Sehemu kubwa ya wanaokaa huko leo walianza na karatasi kama hiyo yako, na kama shefu hakutambui utapata shida na watu kabla ya kupata shida na sheria. Sheria ya 1973 yenyewe ilisema kwamba haki za jamii za vijijini juu ya ardhi yao zitapangwa na amri ya rais, na amri hiyo watu waliisubiri makumi ya miaka. Katika pengo hilo mashefu waliendelea kugawa na kuuza, wengine kwa utaratibu, wengine kipande kimoja kwa watu watatu. Kwa hiyo karatasi ya shefu inakuambia kwamba jamaa fulani aliachia mahali hapo. Haikuambii kama serikali haijampa mtu mwingine mahali hapohapo, wala kama kadastri (ofisi ya upimaji wa ardhi) haikuchora pale barabara, shule au njia ya waya za SNEL (kampuni ya umeme).

Hilo la pili linajulikana kwa njia moja: kwenda ofisi ya ardhi. Mwombe komisyonere numero ya kadastri. Akikupa, mke wako aende nayo mwenyewe, bila komisyonere, bila muuzaji, aulize numero hiyo ni ya nani. Sertifika inatengenezwa nakala mbili: moja anapewa mwenyewe, nyingine inabaki ndani ya daftari la konservateri, na ina volyumu na folio yake (kitabu na ukurasa). Ile ya muuzaji na ile ya daftari lazima ziseme jambo moja: jina, ukubwa, mipaka. Mtazame pia kama kuna deni la benki lililoandikwa juu yake. Na mtazame tarehe. Sertifika iliyotoka juzijuzi isikupe furaha upesi, kwa sababu ndani ya miaka 2 ya kwanza anayedai kwamba ilitolewa kwa makosa au kwa hila anaweza kwenda mahakamani kuomba ifutwe. Ikipita hapo, kwa kawaida anabaki na haki ya kudai fidia tu.

Kama hakuna numero kabisa, na kwa jinsi ulivyoandika nadhani hakuna, mambo hayajafa lakini bei lazima ishuke na njia inakuwa ndefu. Jometri (mpimaji) wa kadastri, yule wa ofisi na si rafiki wa komisyonere, atapima na kuweka mipaka. Mtaomba kontra ya lokasyo (ya kukodi kutoka serikali), ambayo ni ya muda usiozidi miaka 3 na inawadai mjenge. Baada ya hapo ndipo sertifika. Gharama hizo na nauli zake ziondolewe kwenye bei leo. Muuzaji akisema ataleta numero mkishalipa, mshukuru kwa muda wake, muagane.

Kabla ya ofisi, au baada yake, tembeeni kwa miguu. Nendeni mvua ikiwa imenyesha, Januari kwa mfano, maana mwezi wa Julai kila parseli ya Lubumbashi ni nzuri, kavu na nyekundu. Msalimieni jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma. Mwulizeni mama anayeuza makala (makaa) kwenye kona. Maneno kama "hapo tuliona watu wamekuja kupima mara mbili" huwezi kuyapata kwa konservateri. Shefu wa avenye naye anajua nani amelala pale usiku na nani alikuja kung'oa alama.

Halafu muuzaji. Je, ana mke? Sheria ya familia inataka ridhaa ya wote wawili, mume na mke, katika kuuza nyumba au konsesyo, haidhuru walichagua mpango gani wa mali siku ya ndoa. Nimeona kesi nyingi za aina hiyo: mume ameuza, amekula, mke anakuja na watoto anasimama mlangoni, na mahakama inamsikiliza. Basi mke wa muuzaji aweke sahihi mbele yenu. Kama muuzaji ni mrithi, subiri kidogo, nitakuja huko, kwa kuwa jambo hilohilo ndilo linalokusubiri Katuba.

Siku ya kulipa, pesa isipite mikononi mwa komisyonere, hata kama ni ndugu katika Bwana. Lipeni benki au mbele ya notere (mthibitishaji wa mikataba), kwa awamu: kidogo wakati wa kuandika kontra, nyingine mkiwa mmeingiza dosye (faili) ya mutasyo (kubadili jina kwenye sertifika), ya mwisho jina likibadilika. Na hiyo mutasyo fanyeni palepale. Watu wengi hapa mjini wana nyumba ya ghorofa juu ya sertifika ya mtu aliyekufa zamani, kwa sababu siku ile walisema gharama ni kubwa, tutafanya baadaye. Baadaye muuzaji anafariki, watoto wake wanakuta karatasi ina jina la baba yao, na konservateri anasoma kilichoandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wewe uko Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa, na utataka kumtuma mtu. Mpe mke wako prokirasyo (hati ya uwakilishi) ya notere, iseme parseli gani na bei gani. Usiandikishe parseli kwa jina la yaya "kwa muda tu, mpaka nirudi". Sisemi yaya wako ni mwizi. Nasema yaya ana mke, ana watoto, ana madeni, na siku akifa parseli hiyo itahesabiwa katika mali yake, na wewe utakuwa shahidi wa pesa yako mwenyewe.

Tuje Katuba, ambako naona ndiko kunakokuumiza zaidi.

Parseli ya baba ina jina la nani? La baba, naamini, tena huenda ni karatasi za zamani za komuni ambazo hazijawahi kugeuzwa kuwa sertifika. Katika makomuni ya zamani kama Katuba, Kenya na Kamalondo hilo ni jambo la kawaida. Na baba ameshafariki. Tangu siku ile parseli si ya mama peke yake, si ya yaya, wala si yako. Kama ndoa yao ilikuwa ya mali ya pamoja, kwanza mama ana nusu yake ya vile walivyovipata pamoja, na hiyo haiingii katika urithi. Kinachobaki kinagawanywa kama sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inavyosema: robo tatu ni ya watoto, sawa kwa sawa, mwanamke kama mwanamume, na yule aliyezaliwa nje pia kama baba alimtambua alipokuwa hai. Robo inayobaki ni ya mjane, ya wazazi wa marehemu na ya ndugu zake wa damu. Kwa hiyo dada yenu aliyeolewa Likasi ana sehemu ileile kama yaya. Baba mdogo naye hayuko nje kabisa. Mama, kwa kuwa ni mjane, sheria inampa haki ya kubaki katika nyumba aliyokaa na mume wake, na mtu asimwondoe.

Wewe ukienda kujenga pale nyuma, unaweka akiba yako yote juu ya mahali palipo na watu wengi hivyo. Leo kuna amani kwa sababu mama yupo. Mama asipokuwepo, watakaokaa kuzungumza ni watoto wa yaya, watoto wa dada, na watoto wako, ambao hata hawakulelewa pamoja. Mmoja atataka kuuza. Nani atasema chumba cha nyuma ni cha baba yao na kiligharimu kiasi fulani? Risiti za simenti za Kolwezi?

Njia ya kujenga Katuba bila kesi ipo, ila ni ya polepole. Urithi ufunguliwe kwanza. Kwa sheria mrithi mwenye umri mkubwa ndiye anayesimamia, au mwingine ambaye warithi wamemchagua yeye akikataa, na mahakama inamthibitisha. Warithi wote wajulikane kwa karatasi, hati iondoke kwenye jina la marehemu. Halafu mgawane. Parseli za Katuba si kubwa, na kuikata moja katika vipande vinne au vitano mara nyingi hakutoi mahali pa kuishi mtu. Basi inawezekana mmoja awanunulie wengine sehemu zao, au wote waandike kwa notere kwamba nyumba ya nyuma ni yako, iligharimu kadiri hii, na parseli ikiuzwa utarudishiwa kwanza. Bila sahihi ya kila mrithi, ya yule aliye Likasi na ya yule mliyegombana naye, mimi singeweka hata tofali moja.

Na mke wako, kaka. Wakubwa wanasema amekutawala. Mimi naona amehesabu kuliko sisi. Nilikuambia kwamba mjane ana haki ya kubaki katika nyumba ya ndoa. Ukifa wewe, ukiwa umejenga juu ya parseli ya ukoo, haki hiyo itashika wapi? Atakuwa ndani ya uwanja wa mama mkwe na mashemeji, na kila mtu ana jina pale isipokuwa yeye. Anaogopa jambo la kweli ambalo wanawake wa mji huu wameliona kwa dada zao na mama zao wadogo. Kama ndoa yenu ni ya mahari na kanisa tu, nendeni muiandikishe kwenye ofisi ya raia ya komuni kabla ya kununua chochote. Na mkinunua, sertifika ibebe majina yenu wote wawili.

Kwa hiyo mimi nakushauri: usijenge Katuba, na usinunue Kalebuka mpaka numero ionekane. Mkishindwa hapo, tafuteni parseli ndogo yenye sertifika kuliko kubwa yenye maneno. Mita 15 kwa 20 zinatosha watoto wawili na mgeni mmoja.

Lakini mama usimpe jibu hilo kwa simu. Panda basi, nenda na mke wako, kaa naye. Mwambie utatengeneza paa lake, au choo, au utamwekea maji, chochote kinachomsumbua, na kwamba hiyo ni zawadi. Zawadi hiyo usije kuihesabu siku ya mgawanyo, ndiyo maana nakushauri uitenganishe mapema na pesa ya nyumba yako. Naona mama hapiganii ukuta wa nyuma. Anaogopa wajukuu watamzoea Jumapili tu, na matanga yakitokea utafika na wageni. Hofu hiyo inajibiwa kwa kuja, na nauli ya taksi ni ndogo kuliko gharama za mahakama.

Yaya naye asisikie habari kwa watu. Mwite awe shahidi siku ya kontra, aweke sahihi kama shahidi wa mnunuzi, aonane na muuzaji na majirani. Ni heshima kwake, na kwako ni ulinzi: mtu aliyetia sahihi kwamba parseli ni yako na mke wako hawezi kesho kusema ilikuwa ya jamaa. Wale wakubwa wa jamaa wakikuita kikao, nenda, sikiliza, na waulize kwa adabu ni lini urithi wa baba utafunguliwa. Mara nyingi swali hilo linapunguza kelele.

Mkishapata parseli, msiiache wazi. Parseli isiyo na mtu, hasa pembezoni mwa mji, inapata mwenyewe mpya. Jengeni chumba kimoja na choo, matofali yafyatuliwe na kuchomwa msimu wa kiangazi wakati hakuna mvua ya kuyaharibu, kisha ukuta kadiri pesa inavyokuja. Mkiweka sentineli (mlinzi), muandikiane: ameingia tarehe gani, analipwa kiasi gani, amekaa kama mfanyakazi na si kama mwenye mahali, na shefu wa avenye aweke muhuri. Akija na mke na watoto, waandikeni na wao, maana sentineli aliyekaa miaka sita bila karatasi, tena amepanda miembe, ni mgumu kuhamisha kuliko yule mwenye nyumba wenu wa Bel-Air.